Rezista ya taa ya LED: wewe uliunguza ngapi kabla hujajua? Tupeane uzoefu

Chuma_cha_Lehemu
Wakuu, salaam. Jana nimefungua boksi la sola nililomtengenezea shemeji yangu miaka miwili iliyopita. Analalamika ile taa nyekundu ya mbele, ya kuonyesha kuwa moto upo, imezima. Nikakuta LED nzima kabisa. Iliyokufa ni rezista, kile kipande kinachopunguza mkondo unaofika kwenye LED: imebabuka, mistari yake ya rangi yote imegeuka kahawia, na bodi chini yake ina doa kama shati lililosahauliwa chini ya pasi.

Kinachoniuma ni kwamba hesabu nilipiga na ilikuwa sahihi. Betri volti 12, LED nyekundu inakula 2, zinabaki 10. Nikataka miliampea 20 kama tulivyofundishwa. 10 gawanya kwa 0.02 ni omu 500. Dukani hakuna 500, nikachukua 470, vile vidogo vya robo wati. Kumbe betri ya sola saa saba mchana, chaja ikiwa inasukuma, haiko 12. Inapanda mpaka 14.4. Hapo rezista inabeba volti 12.4, mkondo unafika miliampea 26, na joto lake ni wati 0.33. Kitu cha robo wati nimekibebesha theluthi, kila mchana, miaka miwili. Nashangaa kilidumu hivyo.

Sasa nimeweka 2.2K, yaani omu 2,200. Mkondo haufiki miliampea 6, na taa inaonekana toka mlangoni vilevile. Haya, mimi nimeshajianika. Mwageni yenu.

bodi_mbovu
Yangu ni macho, mkuu. Umeme umekatika, namulika kwa tochi ya simu, nataka 220 ya kuweka kwenye adapta ya volti 5. Rezista zangu zote nazikwangua kwenye redio mabovu, ziko kwenye kopo moja. Thamani ya omu inasomwa kwa mistari ya rangi: 220 ni nyekundu, nyekundu, kahawia. 22 ni nyekundu, nyekundu, nyeusi. Kwa ile tochi, kahawia na nyeusi ni ndugu.

Nilipowasha, LED nyekundu ikatoa mwanga wa rangi ya chungwa, mkali ajabu. Nikamwita hadi mke wangu aje aone. Hajafika, imezima, imebaki harufu. Badala ya miliampea 13 nilikuwa nimeipa zaidi ya 130. Tangu siku hiyo rezista haigusi bodi kabla haijapita kwenye mita, hata kama nimeitoa kwenye pakiti mpya.

Kibirizi
Hapo kwenye kahawia na nyeusi tumelia wengi.

mwana_Luthuli
Mimi niko Nairobi. Nilitengeneza chaja nikataka taa mbili ziwake pamoja, nyekundu na nyeupe. Kwa ubahili nikaziunganisha bega kwa bega kwenye rezista moja. Nyekundu ikawaka, nyeupe ikagoma. Nikabadilisha nyeupe tatu. Zote zikagoma. Nikarudi Luthuli Avenue na hasira zangu kumwambia muuzaji ameniuzia takataka.

Yule mzee hakubishana. Akachukua bodi, akakata mguu wa ile nyekundu. Nyeupe ikawaka! Akanieleza: nyekundu ikishika inabana volti kwenye 2 hivi, na nyeupe bila kukaribia 3 haiamki. Mkondo wote unapita kwa mwenye mlango rahisi. Kila LED na rezista yake, kaka. Nilinunua rezista mbili nikaondoka kimya kimya.

mzee_wa_transfoma
Vijana, mnacheza na volti 12 ndiyo maana mnacheka. Mimi nilitaka taa kwenye ekstensheni, moja kwa moja kwenye 230. Rafiki akaniambia weka 100K, inatosha. Piga hesabu: 230 mara 230, gawanya kwa 100,000, ni zaidi ya nusu wati. Nami nimeweka ya robo. Ikawa moto wa kuchoma kidole.

Lakini LED ilitangulia kufa. Umeme wa ukutani unageuka huku na huku, na LED ikigeuziwa inavumilia volti 5 hivi tu, wakati kilele cha 230 ni kama 325. Siku hizi naweka 47K mbili za nusu wati zikifuatana, zigawane volti na joto, halafu dayodi ya 1N4007 (inayopitisha mkondo upande mmoja tu) sambamba na LED, kichwa kwa mkia. Upande unaoiua LED unapitia kwenye dayodi.

Na tafadhali: hapo hamna transfoma. Ukigusa mguu wa LED umegusa soketi. Kama hujazoea, nunua ile taa ya neoni iliyokuja na rezista yake, ifungie ndani ya boksi la plastiki, ulale.

Binti_Waya
Mimi sikuunguza kitu, nilikosa usingizi. Spika ya kujitengenezea, LED ya bluu, volti 5, rezista 330. Ni miliampea 6 tu lakini chumba kizima kikawa kama saluni. Nikabandika plasta, mwanga ukapenya. Mwisho nikaweka 10K. Sasa ni miliampea 0.2, na bado usiku naiona vizuri. LED za siku hizi si zile za redio za baba zetu. Hiyo 20 kwa LED nyingi ndogo ni mwisho wa uwezo, si lazima uifikie.

Chuma_cha_Lehemu
@Binti_Waya umenipiga mule mule. Ningejua hivyo shemeji asingenipigia simu.

mgeni_wa_lehemu
Samahani wakubwa, rezista inakaa mguu mrefu au mfupi?

Binti_Waya
Popote mdogo wangu. Mkondo ni uleule njia nzima. Ila LED yenyewe usiigeuze, mrefu uende chanya.

Kibirizi
Mnajisumbua na hesabu. Mimi naweka 1K kila mahali, redio, sola, pikipiki, sijawahi kuunguza.

mzee_wa_transfoma
Na Fuso je? Betri zake mbili, volti 24, injini ikiwaka zinafika 28.

Kibirizi
Hilo swali ungemuuliza dereva wangu. Ndiye aliyesikia harufu.