Tangawizi ya chupa (kinywaji cha tangawizi chenye gesi) ya Isabella Beeton (1861): vipimo na chupa zinazopasuka

Chupa_Tupu:
Wakuu, kitabu cha Beeton cha utunzaji wa nyumba, London 1861, kinataka sukari ratili 2½, tangawizi iliyopondwa aunsi 1½, krimu ya tata (cream of tartar, unga mchachu wa kupikia) aunsi 1, malimau 2, maji yanayochemka galoni 3 na hamira vijiko vikubwa 2. Nataka lita 4. Nikipiga galoni kwa lita 3.8 sukari inazidi, na chupa zinapasuka kabla ya siku 3 anazosema zinywewe.

Jiko_la_Kale:
3.8 ni galoni ya Marekani. Ya Uingereza, kwa sheria ya 1824, ni lita 4.55, hivyo zake 3 ni lita 13.6. Kwa lita 4: sukari gramu 330, tangawizi kavu 12 (mbichi weka 40 hadi 50), krimu ya tata 8, limau nusu na kidogo.

Hamira yake ilikuwa uji mzito wa viwanda vya bia. Ya punje kavu, robo kijiko cha chai yatosha. Itie maji yakiwa vuguvugu. Yakiwa ya moto inakufa.

Povu:
Naongezea: hamira kidogo inachelewesha tu, mlipuko unatoka kwenye sukari. Gramu 4 katika lita moja hutoa karibu lita nzima ya gesi. Soda ya kawaida ina gesi lita 3 au 4 hivi kwa kila lita. Hapo mna gramu 83 kwa lita, yaani gesi ya lita 20 ikiachwa ichachuke yote! Beeton anaacha usiku kucha, anaengua povu, anamimina bila machicha, ndipo anatia chupani na kufunga vizibo kwa kamba. Ukiruka kuengua, unafungia hamira yote humo.

Tena siku 3 ni za baridi ya Uingereza. Kwa joto la Dar tumia chupa za plastiki, zibonyeze kila baada ya saa chache. Zikiwa ngumu, friji mara moja.

Chupa_Tupu:
Na kilevi?

Jiko_la_Kale:
Kipo kidogo, ikichachuka yote hufika karibu asilimia 5. Asiyetaka hata tone aache hamira, afuate njia ya Joseph Priestley, mwanasayansi Mwingereza aliyeeleza mwaka 1772 jinsi ya kuingiza gesi kwenye maji. Chemsha sukari na tangawizi ile ile dakika 20, chuja, tia limau, ongeza maji shira ifike lita 1. Ikishapoa kabisa, mimina taratibu maji ya gesi baridi lita 3. Shira ikiwa na joto, gesi yote inakimbia.