Tunakatwa bima kila mwezi, dawa mpaka upande basi kwenda mkoani. Hizi ngazi za dawa ni kwa faida ya nani?

Wakuu, sitazunguka, leo nina hasira.

Hapa Tanzania mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, mwajiri anaongeza 3, wala haulizwi kama unataka. Sawa. Ukishazeeka, presha, sukari na moyo vikakuandama kwa pamoja, ndipo unagundua kadi ina mipaka. Orodha ya taifa ya dawa muhimu imezipa dawa herufi: A zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D ya mkoa, S kwa mabingwa. Bima nayo inalipa kwa kufuata herufi. Dawa ya S ukiandikiwa wilayani, imekula kwako.

Naelewa kwa nini bingwa ndiye aianzishe. Sitaki mtu abahatishe dawa za moyo kwa mzee wangu. Lakini bingwa ameshaandika, dozi imetulia, mzee anaimeza mwaka wa ngapi sasa! Kuhesabu vidonge vya mwezi ujao nako kunataka ubingwa? Basi anapanda gari kwenda mkoani kuandikiwa kilekile. Juzi kafika, dirishani wanamwambia dawa haipo, kanunue. Nauli juu yake, dawa juu yake. Hela ikikata anaruka siku kadhaa, mwenyewe anasema "nimeipumzisha kidogo".

Huko kupumzisha ndiko kunakoleta hasara, na wenzetu walishaiona. New Hampshire, Marekani, mwaka 1981 waliamua Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, ilipie dawa 3 tu kwa mwezi. Baada ya miezi 11 wakaachana nayo. Utafiti uliochapishwa 1991 ulikuta wazee waliokuwa wakitumia dawa nyingi walipelekwa kwenye nyumba za kulelea wazee karibu mara mbili ya wenzao wa New Jersey, ambako kikomo hicho hakikuwapo. Kwetu nyumba hizo ni za kuhesabu, ni binti anaacha kazi akamuuguze mwenye kiharusi.

Machi 2024 kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei inazolipa, kilipoanza, hospitali binafsi zikagoma, makelele yote yakawa ya bei wanazolipwa wao. Mgonjwa hakuwa na wa kumsemea.

Kuna mtu wa madai ya bima humu? Njoo utueleze cheti cha bingwa kinashindwaje kutumika miezi sita hospitali ya wilaya. Na nyie wa "fuateni utaratibu", piteni tu.