Et kwa midomo yangu nikapulize TUBA, lile dude kubwa la besi??? Muuza matarumbeta wa Moshi amenidhalilisha leo

Wakuu naandika nikiwa kwenye Kosta narudi Arusha, hata Boma Ng'ombe hatujafika na mikono bado inatetemeka. Jina simtaji ila mnamjua, kama umewahi kushika tarumbeta kanda hii unamjua, yule anayepima watu kwa macho kama fundi majeneza.

Nimeenda kuchukua mdomo wa tarumbeta, kile kipande cha kupulizia, saizi 3C, hela taslimu, Jumamosi tuna harusi Njiro. Akaniangalia midomo, akaniangalia tena, halafu mbele ya vijana wa bendi ya kanisa kama saba hivi akasema kwa sauti ya spika ya mnadani: "Kwa midomo hiyo kapulize tuba."

KAPULIZE TUBA! Miaka 11 napuliza tarumbeta la kwanza, mikesha, misiba, maharusi, leo naambiwa tuba! Kijana mmoja alicheka mpaka akashika ukuta.

Akanitolea 10½C, eti namba kubwa ndo mdomo mpana. Jamani! Kwenye midomo ya kampuni ya Bach namba ikipanda kikombe kinabana, 7C upana ni milimita 16.20, 1½C ni 17.00, wanaopanda na namba ni Yamaha. Herufi ni kina, A ndo shimo refu. Mtu anauza hivi vitu kila siku hajui! Nikaomba nijaribu, maana unene wa midomo peke yake hauamui, unapuliza noti za juu na za chini unasikia unachokea wapi, akakataa eti nitauchafua, kwani maji ya vuguvugu na sabuni vimepigwa marufuku Kilimanjaro?? Nikatoka. Nyuma nasikia "tubaaa".

Mzee_wa_Besi: Sisi wa tuba tumekukosea nini mkuu? Mbona unaitaja kama jela

Chalii_Ngarenaro: Weka picha ya midomo tuamue

Mleta uzi: Chalii nina hasira usinitanie. Mbele ya watoto wa watu, kapulize tuba!

DadaTromboni: Ndo huyohuyo, mimi aliniuzia mdomo wa mkia mnene na tromboni yangu ni ya mkia mwembamba, hauingii, akaniambia nigonge na nyundo taratibu 😭

Chalii_Ngarenaro: Dada uligonga?

DadaTromboni: Niligonga.

Mangi_Kiboriloni: Bora nyie mmeuziwa, kuna MC wa Sakina tulimpulizia msafara mzima juu ya pikapu, jua la saa nane, vumbi mpaka kwenye valvu, mwezi wa tatu huu hela hatujaona

Mzee_wa_Besi: Yule wa suti ya zambarau? Na sisi anatudai... yaani tunamdai

Mleta uzi: Wakuu uzi ni wa midomo

DadaTromboni: Wa zambarau! Kwetu alilipa nusu, nusu akatuletea ndafu iliyobaki kichwa

Mangi_Kiboriloni: Namwona yuko online anasoma. MC lipa hela ya watu