Pikipiki ya kuazima ikigonga mtu, mwenyewe anashtakiwa?

Wakubwa wa Bukavu, jirani akiazima pikipiki yangu kisha agonge mtu Kadutu, nitafungwa? Na akiazima panga, akamkata mtu?

— Ndugu, jinai ni mbali na fidia. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo kinamshika aliyetoa chombo *akijua* kitatendea kosa. Kwa kawaida adhabu yake haizidi nusu ya ile ya mtendaji. Lakini kwa fidia, kifungu cha 259 cha sheria ya madai (Code civil, kitabu cha III) kinatosheka na uzembe: umempa mlevi ufunguo, au waya wa breki umebaki nyuzi mbili nawe ukanyamaza.

— Ongeza cha 260, ulinzi wa kitu: mwenye kukishika na kukiongoza ndiye anajibu madhara yake. Mara nyingi ulinzi huo unahamia kwa aliyeazima, ila uthibitishe. Andikeni tarehe, saa, namba ya plaki, sahihi zote mbili. Leseni na asiransi (bima) uzitazame kabla ya ufunguo kutoka mkononi.