Galaxy A17 mpya kwenye usukani wa boda: inafaa, au nichukue A16?

Boda_Njeru

Habari zenu wakubwa. Naomba ushauri kabla sijatoa hela dukani.

Natafuta simu ya kazi. Njia ni Jinja, Njeru mpaka Lugazi, lami na vumbi jekundu, pikipiki ni Boxer. Simu itakaa kwenye kishikio cha usukani saa nane hadi kumi kila siku: ramani, programu ya wateja, kupokea simu. Laini ni mbili, MTN na Airtel, maana wateja wanalipa kwa zote. Kila mzigo ukifika lazima upigwe picha inayosomeka, hata jioni.

Mfukoni kuna laki nane. Dukani wanasema chukua Samsung A17 ya 4G, ndiyo mpya, picha zake hazitikisiki. Pembeni yake ipo A16 ya 4G, bei imeshuka. Nikisoma sifa za zote mbili naona zinafanana mno. Tofauti ni nini hasa, na ipi itavumilia kazi hii?

Mpakani_Malaba

A17, kaka. Kioo chake cha juu ni Gorilla Glass Victus, kinavumilia kuanguka kuliko cha A16. Zote zimeahidiwa matoleo sita ya Android na miaka sita ya masasisho ya usalama, ila A16 ilitoka na Android 14 na A17 ikatoka na 15, kwa hiyo ya pili itafika mbele zaidi. Bei zikikaribiana sioni sababu ya kununua ya nyuma.

Fundi_Kamera

Ndugu wa Malaba, uliyosema ni kweli, lakini mwenzetu ametaja usukani, na hapo ndipo hesabu inapogeuka.

Toleo la 4G la A16 na la A17 yana prosesa ileile, Helio G99. Skrini yenyewe ni ileile, Super AMOLED ya inchi 6.7, 90Hz. Betri mAh 5000 kwa zote, chaji wati 25, kinga ya vumbi na matone ya maji IP54. A17 imeongezewa Victus, imepungua unene kutoka milimita 7.9 hadi 7.5, na kamera kuu ya megapikseli 50 imepewa OIS, kifaa cha kutuliza lenzi mkono ukitikisika. Hiyo OIS ndiyo muuzaji anayoisifu anaposema picha hazitikisiki, na ndiyo itakayokufa kwanza kwenye Boxer.

OIS inafanya kazi hivi. Lenzi haijakazwa imara ndani ya kamera. Inaning'inia kwenye springi nyembamba sana, na pembeni yake kuna sumaku na koili. Kipimo cha mzunguko kilichomo ndani ya simu kinahisi mkono ulivyosogea, koili zinaisukuma lenzi upande wa pili, picha inatulia. Mtikisiko wa mkono ni wa polepole, mara chache kwa sekunde, na hiyo springi imetengenezwa kwa ajili ya huo. Sasa chukua injini ya silinda moja inayozunguka mara 6,000 kwa dakika. Ni mara 100 kwa sekunde, saa nzima, siku nzima, ukipita kwenye chuma cha usukani moja kwa moja hadi kwenye simu. Kamera ikiwa imezimwa, lenzi haina wa kuishika, inagongwa tu.

Hili si jambo la Samsung peke yake. Septemba 2021 Apple ilitoa onyo la maandishi kwa wenye iPhone kwamba mtikisiko mkali wa injini za pikipiki, ukipitia kwenye usukani, unaweza kuharibu OIS na mfumo wa kulenga wa kamera. Ufundi ni uleule, jina la sandukuni halibadilishi kitu.

Dalili zake zinajulikana. Ukifungua kamera, picha inacheza kama maji yaliyoguswa, au inasikika sauti ya tik-tik-tik, au inalenga mbele na nyuma bila kukamata. Kamera ya mbele inabaki nzima, kwa hiyo wengi hudhani ni programu na kuanza kufuta vitu bure. Springi haitengenezwi, unabadilisha kamera yote ya nyuma. Na mtu asikutishe dukani: ukiitikisa simu yenye OIS karibu na sikio, kamera ikiwa imezimwa, utasikia kitu kinagonga kidogo ndani. Hiyo ni lenzi inayoning'inia, ni kawaida.

A16 haina OIS. Nayo ina koili ya kulenga inayosogea, siwezi kukuambia haidhuriki kabisa, ila ina sehemu chache za kuvunjika. Kwa simu itakayoishi usukanini, ningechukua A16 na tofauti ya bei ningeiweka kwenye RAM, kumbukumbu ya kuendeshea programu.

Mpakani_Malaba

Nimekuelewa fundi. Lakini kuna vishikio vyenye raba za kuzuia mtikisiko. Akiweka hicho, si anaweza kuchukua A17?

Fundi_Kamera

Vinasaidia, na hata kwa A16 ningemwambia aweke. Apple wenyewe walishauri hivyo kwa pikipiki ndogo na skuta, na bado wakasema usiitumie hivyo muda mrefu mfululizo. Mwenzetu anataja saa nane hadi kumi. Raba inapunguza mtikisiko, haiumalizi, na ikipata jua na mafuta inakauka na kuwa ngumu kama kishikio cha kawaida. Ibonyeze kwa kidole mara kwa mara. Ikikataa kubonyea, badilisha.

Mahali pa kufunga pana uzito kuliko watu wanavyofikiri. Wengi wanafunga kwenye mti wa kioo cha pembeni kwa sababu ni rahisi. Mti ule ni mrefu na mwembamba, unazidisha mtikisiko. Angalia kioo chenyewe injini ikiwa imewaka, utaona picha inavyotetemeka. Funga katikati ya usukani, karibu na nati zake kubwa, mkono wa kishikio uwe mfupi iwezekanavyo. Na vishikio vya sumaku achana navyo kabisa: sumaku inavuruga OIS, inavuruga dira pia, ramani inakuonyesha umeelekea Kampala kumbe unaelekea Jinja.

Dada_Arua

Kaka wa Njeru, kwenye hiyo picha ya mzigo usiogope A16. OIS inasaidia jioni kwa sababu mwanga ukiwa mdogo kamera inafungua muda mrefu na mkono unatetemeka. Mzigo hautembei, kwa hiyo unaweza kuutuliza mkono mwenyewe: egemeza viwiko kwenye tangi au kiti, weka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise simu, washa tochi ya pikipiki ya mwenzako au taa ya nyumba, usitegemee flashi kwa karatasi inayong'aa.

Tumia kamera kuu pekee. Ile ya upana ina megapikseli 5, maandishi yanafifia. Ya vitu vya karibu ina 2, hiyo ni ya kujaza hesabu ya kamera sandukuni tu. Kusoma namba kwenye karatasi, rudi nyuma kidogo kuliko ulivyozoea, kama urefu wa mkono, kisha kuza mara 2. Ukisogea karibu sana inashindwa kulenga.

Jambo la pili ni RAM. GB 4 usichukue, iwe A16 au A17. Ramani, programu ya wateja na WhatsApp zikiwa wazi pamoja, mfumo unaua mojawapo, na mara nyingi inayouawa ni ile iliyo nyuma, ndiyo ya wateja. Oda inapita hujaisikia. Ile RAM ya ziada wanayokopa kutoka kwenye hifadhi isikudanganye, ni ya polepole sana ukilinganisha na ya kweli. Chukua GB 6, au 8 ukiipata.

Ukishanunua: Mipangilio, Betri, mipaka ya matumizi ya chinichini, halafu weka programu ya wateja kwenye orodha ya zisizolala kamwe. Kisha nenda kwenye programu yenyewe, upande wa betri, chagua isiwekewe kizuizi. Usipofanya hatua zote mbili, kioo kikizimika dakika kadhaa inaanza kusinzia.

Boda_Njeru

Asante sana dada, na fundi pia. Hilo la OIS hakuna aliyeniambia dukani. Nina maswali mengine mawili: naweza kuweka laini zote mbili pamoja na kadi ya kumbukumbu? Na kuichaji kwenye pikipiki, kuna madhara?

Laini_Mbili

Hapana kwa la kwanza. Kitreya cha simu hizi kina nafasi mbili tu. Ya pili ni ya laini AU kadi. Ukiweka MTN na Airtel, kadi imekosa pa kukaa. Kwa hiyo hifadhi unayonunua ndiyo utakayoishi nayo. GB 128 inatosha kwa kazi yako, hata baada ya mfumo kuchukua zaidi ya 20, ila zima WhatsApp isipakue video za makundi yenyewe.

Na wakikuvuta kwenye A17 ya 5G ya bei ya juu, jua unachonunua. Ina prosesa nyingine, Exynos 1330, yenye kasi zaidi kidogo. Mtandao wa 5G MTN na Airtel waliuwasha Uganda mwaka 2023, lakini ramani na oda hazihitaji kasi hiyo. Pale 5G inapokuja na kupotea, simu inahangaika kuitafuta na betri inakwenda. Nayo ina OIS vilevile.

Waya_na_Fyuzi

Kwa la pili: inawezekana, lakini ifungwe sawasawa.

Pikipiki ni volti 12. Tundu la USB lenye wati 15 linavuta kama ampea 1.25 upande wa betri, ongeza kidogo kinachopotea kwa joto. Fyuzi ya ampea 2 kwenye waya chanya, karibu na unapochukulia umeme, inatosha. Chukua umeme baada ya swichi ya ufunguo. Ukiunga moja kwa moja kwenye betri, tundu linanyonya usiku kucha hata bila simu, na betri ya pikipiki ni ndogo. Waya hasi upeleke kwenye betri yenyewe, usiufunge kwenye boliti ya fremu yenye kutu.

Usilazimishe wati 25 ukiwa barabarani. Mchana, kioo kikiwa kwenye mwanga wa juu kabisa, jua juu yake na chaji ndani, simu inapata joto, inapunguza mwanga yenyewe au inasimamisha chaji. Hapo watu wanasema chaja ni mbovu. Wati 10 zinatosha kuifanya isishuke. Kava nene jeusi livue ukiwa kwenye kishikio. Na ramani isikae kwenye kioo saa zote kwa mwanga wa juu, maana AMOLED huacha alama ya kudumu kwa picha isiyobadilika. Njia unayoijua, zima kioo usikilize sauti.

Nyumbani ndipo utumie wati 25. Kwa kawaida sandukuni unakuta waya tu, chaja unanunua. Iwe imeandikwa USB PD na PPS, ndiyo mifumo ya chaji ya haraka ya simu hizi, waya wa C kwa C. Ukichomeka, kioo kiandike chaji ya haraka sana. Kikiandika ya haraka tu, unapata wati 15, hata kama chaja imeandikwa 25 kwa herufi kubwa.

Mvua: IP54 ni vumbi na matone, si mvua ya Aprili inayokupiga ukiwa mwendo wa kilomita 60. Ikinyesha, simu mfukoni. Ikionyesha alama ya tone la maji, usichaji, usipulize kwa mdomo, usiweke juani. Geuza tundu chini, gonga taratibu kwenye kiganja, iache ikauke penye upepo.

Na vumbi usilifute kwa shati. Mchanga ni mgumu kuliko kioo, Victus nayo itachanika mistari. Pulizia kwanza kwa pampu, ndipo upitishe kitambaa chenye unyevu. Weka protekta siku ya kwanza.

Boda_Njeru

Wakubwa, nimepiga simu dukani. A16 ya GB 8 ipo, lakini wanasema sanduku limeshafunguliwa. Niiache?

Fundi_Kamera

Usiiache kabla ya kuipima, na usilipe kabla ya kuipima. Fanya yote haya mezani kwao.

Piga *#06#. IMEI inayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu, ilingane na ya kwenye sanduku na ya kwenye risiti, tarakimu zote. Kisha Mipangilio, Kuhusu simu: modeli ianze na SM-A165. Ukiona SM-A166 hiyo ni ya 5G, ni simu nyingine. Hapohapo angalia RAM, usitegemee stika.

Piga *#0*#. Itafunguka menyu ya majaribio. Pitisha rangi nyekundu, kijani na bluu ukitafuta alama iliyoganda, maana simu za maonyesho ya dukani hukaa na kioo wazi siku nzima. Kisha jaribio la mguso, chora kote mpaka pembeni.

Weka laini zako zote mbili, piga kwa kila moja. Kumbuka haina tundu la masikio la duara. Kigeuzi cha USB-C cha bei ndogo mara nyingi hakitoi sauti kwenye Samsung, tafuta chenye kibadilisha sauti cha kidijitali ndani.

La mwisho ndilo zito. Waambie waifute yote mbele yako, kisha uiwashe, uunganishe intaneti, uingize akaunti yako ya Google. Ikiomba akaunti ya mtu mwingine, au ikiandika kwamba inasimamiwa na kampuni, iache mezani. Hiyo inaweza kuwa simu iliyotolewa kwa mkopo, na mkopo usipolipwa itajifunga ikiwa mikononi mwako. Wakikataa kuifuta, jibu umeshapata. Wakikubali na ikapita, lipa, uandikiwe IMEI kwenye risiti pamoja na muhuri wa duka.