Katuni yangu haichekeshi: nirekebishe nini?

Penseli Butu: Wakuu, salaam. Natengeneza katuni fupi isiyo na maneno, ambamo fisi anapanda paa la bati kuiba nyama iliyoanikwa, anateleza, kisha anatumbukia ndani ya pipa la maji. Nimelichora anguko hilo fremu (yaani picha moja moja) 24 kwa sekunde, na mwendo wake ni laini kabisa, lakini kila niliyemwonyesha amesifu michoro na hakuna aliyecheka. Je, niongeze sauti?

Mzee wa Fremu: Sauti iache kwanza, ndugu yangu. Nahisi fisi wako anateleza na kuanguka papo hapo, ilhali kicheko hukaa katika kusubiri. Chuck Jones, aliyeongoza katuni za Wile E. Coyote, yule mnyama anayemkimbiza ndege bila kumpata, kuanzia 1949, aliyapima maanguko ya mnyama huyo kwa fremu: 18 za kutokomea bondeni, kisha 14 za ukimya kabla ya vumbi kutimka. Ukimya huo, uliozidi nusu sekunde kidogo tu, humwacha mtazamaji akijua kitakachotokea bila kuweza kukizuia. Kwa hiyo mpe fisi fremu kama 12 za kuganda, mguu mmoja hewani, macho peke yake yakiteremka kuelekea kwenye pipa. Anguko lenyewe limalize kwa fremu nne au tano. Ulaini unaousifia ndio unaoua kichekesho.

Karakana: Pipa nalo linaonekana lini? Likijitokeza wakati wa kuanguka tu, mtazamaji atashangaa badala ya kucheka; afadhali mwenye nyumba aonekane mapema akilijaza maji. Pia, kwa kujaribu tu, mpake fisi rangi nyeusi mwili mzima, na kama umbo hilo tupu halionyeshi kwamba anateleza, badilisha mkao.

Wino Mweusi: Mimi nisingelichora anguko kabisa. Ningeiacha picha ibaki kwenye nyama inayoning'inia, fisi atoweke upande wa chini wa picha, tusikie kishindo, ndipo maji yaruke hadi kwenye bati. (Tena utaokoa siku kadhaa za kuchora.)

Penseli Butu: Nashukuruni. Nimejaribu zile fremu 12, na mdogo wangu amecheka kabla fisi hajaanguka. Je, nimezidisha?

Mzee wa Fremu: Hapana. Usiguse kitu hapo. Sasa shughulikia pipa.