Tupeane uzoefu: ahadi gani ya ilani ilikufanya uache kukiamini chama ulichokipigia kura?

Mchuuzi wa Alizeti

Wakuu habari za jioni. Naomba uzi huu usigeuke wa kutukanana, mwenye kijani (CCM) akae na kijani yake na mwenye kombati (CHADEMA) akae na kombati yake. Ninachotaka kila mtu alete ahadi moja tu aliyoisikia kwa masikio yake, akaipigia kura, halafu atuambie iliishia wapi. Ya uchaguzi wa Oktoba 2025 tuiweke pembeni jamani, ile ina uzi wake na wengine bado tuna msiba.

Naanza mimi. 2015 nilikuwa nazunguka vijijini nanunua alizeti na mahindi, kwa hiyo mikutano ya kampeni nimehudhuria mingi kuliko hata misiba. Mgombea wa CCM, hayati Magufuli, alikuwa na ahadi ya milioni 50 kwa kila kijiji na kila mtaa. Asikwambie mtu, kile kitu kilipokelewa. Pale kwetu kabla hata matokeo hayajatangazwa vikundi vilishaundwa, kuna jamaa anazunguka na kaunta buku anaandikisha majina na kila anayeandikwa anatoa buku mbili ya fomu (fomu zenyewe hatukuziona mpaka leo), kina mama wanabishana wanunue mashine ya kukamua alizeti au wakopeshane kwanza, na mzee mmoja akasimama akasema mambo ya vikundi ni longolongo, hela ikija igawanywe kwa kaya kila mtu achukue chake aondoke. Walipiga makofi kweli kweli.

Sasa mimi baadaye ndo nikaja kukisoma kile kitabu cha ilani ya 2015 hadi 2020. Humo milioni 50 ipo, ila ni mfuko wa mzunguko wa kukopesha wajasiriamali kupitia SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na vikundi vya ushirika. Maana yake ni mkopo. Jukwaani watu walisikia "milioni 50 kila kijiji" na sentensi ikaishia hapo, nusu ya pili hakuna aliyeikazia sauti.

Halafu njoo kwenye hesabu. Bajeti ya 2016/17 serikali ilitenga bilioni 59.5 kuanzia. Chukua simu yako gawanya kwa milioni 50, unapata vijiji 1,190. Nchi hii ina vijiji zaidi ya elfu 12, na hapo mitaa ya mijini hujaigusa. Kwa kasi hiyo unahitaji miaka kumi hela itoke kila mwaka bila kukosa, wakati muhula wa urais ni miaka mitano. Hiyo ni hesabu ya darasa la tano, na waliokaa kuandika ilani ni watu wenye shahada zao, kwa hiyo usiniambie hawakuiona. Kijiji chetu hakikupata na mpaka leo katika kuzunguka kwangu sijakutana na mtu ambaye kijiji chake kilipata.

Sikatai, yapo yaliyofanyika. Elimu bila ada ilianza kweli Januari 2016, reli ipo, umeme umeingia mpaka sehemu ambazo sikutegemea. Kinachonichoma ni kwamba 2020 walirudi wakapanga jukwaa pale pale karibu na gulio, wakahubiri ndege na SGR na bwawa la umeme, na hakuna hata mmoja aliyesema neno kuhusu ile milioni 50, hata la kusema tumeshindwa hela hatuna. Kama haijawahi kuahidiwa vile. Tangu hapo chama chochote kikiniletea ahadi naomba wanioneshe fungu linalotoka hiyo hela, wakishindwa naenda zangu kupima mizigo.

Haya karibuni.

Kaka Mkubwa

Hapo kwenye kaunta buku umenimaliza mkuu 😂 sisi tulidaiwa na picha za pasipoti. Studio ya pale senta ndo iliyofaidika na ilani.

Temeke Kwetu

Mimi ni wa upande wa pili na nadhani imani yangu ilikufa kwa maumivu zaidi maana nyie mlinyimwa hela, sisi tulinyang'anywa hoja.

Septemba 2007 nilikuwepo Mwembeyanga Dr Slaa anasoma orodha ya mafisadi. Nilikuwa kijana tu, nimesimama mwanzo mpaka mwisho. Kwangu mimi CHADEMA ilikuwa ni ile siku. Hayo mengine ya katiba mpya, majimbo, sijui sera gani, nilikuwa nayakubali kwa sababu yametoka kwa watu waliokuwa na ujasiri wa kutaja majina. 2008 ikaja ripoti ya kashfa ya umeme ya Richmond, Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu, tukaona si mnaona. 2010 nikampa Slaa kura yangu na nikalinda kituo.

Sasa imefika Julai 2015 Lowassa kakatwa jina la kugombea urais CCM na siku chache baadaye yuko na sisi, kapewa kugombea kupitia UKAWA (umoja wa vyama vya upinzani), Slaa kaondoka, Lipumba naye kajiuzulu uenyekiti CUF, na sisi wa huku mtaani tunatakiwa tuzungushe mikono tuimbe mabadiliko. Nilimuuliza mgombea wetu wa udiwani, hivi ile orodha tuliyoisambaza kwa fotokopi mtaa mzima tuseme ilikuwa uongo au? Akanijibu kamanda siasa ni hesabu, kwanza tushike dola. Basi nikazungusha mikono na mimi. Lowassa alipata asilimia karibu 40, kura zaidi ya milioni sita, upinzani haukuwahi kufika hapo, kwa hiyo wenye hesabu zao watakwambia walipatia.

Ila angalia walichouza. Baada ya pale ufisadi kama ajenda ukatoka mkononi, CCM wakauchukua wao, Magufuli akaanza kutumbua majipu na wananchi wale wale waliokuwa wanashangilia Mwembeyanga wakahamia kushangilia huko. Sisi tukabaki na kulalamikia demokrasia, ambayo ni haki kabisa tulinyanyaswa kweli, mikutano ilizuiwa, watu wakawekwa ndani, lakini mama muuza vitumbua hiyo huwezi kumwimbia asubuhi akakuelewa kama ulivyomwimbia wizi wa EPA kule Benki Kuu. Halafu diwani wangu yule yule wa hesabu akahama akasema anaunga mkono juhudi, uchaguzi mdogo ukaitishwa, na Machi 2019 mzee mwenyewe Lowassa akarudi CCM. Mungu amrehemu, ametangulia 2024, sina ugomvi na marehemu. Ugomvi wangu ni na waliokaa kikao wakaamua kwamba msimamo wa miaka nane unaweza kubadilishwa ndani ya wiki na wanachama watameza tu.

Msema Hovyo

Kwa hiyo sasa hivi unampa nani?

Temeke Kwetu

Simpi mtu. Nasubiri aje wa kunitajia majina tena na asihame nayo.

Mwalimu Chaki

Wakuu mnaongelea ahadi zisizotimizwa, mimi niongelee yaliyotimizwa ambayo hayakuahidiwa.

Mimi ni mtumishi, nimesoma kwa mkopo wa bodi. Katika kampeni za 2015 hakuna chama kilichoniambia kwamba makato ya mkopo yatatoka asilimia 8 mpaka 15 ya mshahara. Ikaja sheria 2016, mwezi ule naangalia salary slip nikadhani wamekosea wamekata mara mbili. Nikapiga simu kwa mwenzangu, naye hivyo hivyo. Na mishahara yenyewe haikuwa inapanda, miaka ikapita nyongeza ya mwaka haipo, wakati duka la Mangi halijui hayo mambo ya nchi kujengwa kwanza.

Halafu kikokotoo, ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya kustaafu. Nani aliwahi kukisikia jukwaani? 2018 zinatoka kanuni kwamba mkupuo wa kustaafu ni asilimia 25, tuliozoea kusikia 50 tukachanganyikiwa, kelele zikawa nyingi mpaka rais mwenyewe mwezi Desemba akasitisha akasema utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. 2022 ikaja 33. Bajeti ya 2024 ikawa 40 kwa wale waliokuwa kwenye 50, wenzao waliokuwa kwenye 25 wakapewa 35, na tukatakiwa tufurahi, na kusema ukweli kuna waliofurahi na kuna waliovaa fulana. Yaani unapunguziwa, unarudishiwa sehemu tu ya ulichopunguziwa, halafu inaitwa mafanikio.

Kwa hiyo mimi ilani siisomi tena kutafuta kilichomo. Nasoma kutafuta kilichorukwa. Wakiandika kurasa nyingi za miundombinu na mstari mmoja tu "kuendelea kuboresha maslahi ya watumishi" bila tarakimu, hapo najua ndo panapoandaliwa kitu.

Karani wa Nyeri

Wasee wa TZ poleni sana, nimesoma nikaona tuko shimo moja. Mimi ni Mkenya, 2022 nilikuwa wilbaro damu (ile alama ya chama cha Ruto). Bottom-up, mama mboga, mtu wa boda, serikali ya mahasla. Manifesto ya Kenya Kwanza niliisoma na si ya kuambiwa, na bado naweza kukuambia ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko ya Azimio ya kina Raila.

Shida ni hii. Ndani ya manifesto kulikuwa na hela bilioni 50 kila mwaka za mikopo ya mahasla na nyumba 250,000 kila mwaka. Hustler Fund ikaja kweli, 30 Novemba 2022 ikazinduliwa, riba asilimia 8 kwa mwaka, sawa. Lakini inaanzia shilingi mia tano. Mia tano! Mama mboga akienda soko asubuhi mia tano ni gunia gani hilo anabeba? Ya mtaji ukaona ni mia tano, ya kulipa sasa ndo ikaja na nguvu. Nyumba kumbe tutazijenga sisi wenye payslip, asilimia 1.5 ya gross. VAT ya mafuta ikatoka 8 ikawa 16 mwaka 2023, na ukipandisha mafuta umempandishia yule yule mtu wa boda uliyemuweka kwa bango. Oktoba 2024 ikaingia bima mpya ya afya, SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara, na pale zamani mtu wa NHIF, ile bima ya kwanza, alikuwa analipa mwisho 1,700 haijalishi mshahara.

Walituambia uchumi utaanzia chini kupanda juu. Ni kweli kuna vitu vinaanzia chini, ndo haya makato.

Ile Finance Bill ya 2024, mswada wa kodi, nyinyi mliona kwa TV, Juni 25 vijana wakaingia bunge, watu wakapigwa risasi, kesho yake rais akasema hatatia sahihi. Vijana wengi waliotoka pale ni wa nyumba zilizopigia wilbaro. Mamangu mzazi alikuwa na leso ya njano ya kampeni, siku hizi ni ya kufunikia kuku.

Binti wa Cherehani

Mimi nitakuwa tofauti kidogo msinirushie mawe. Hizi ahadi za majukwaani nilishaacha kuzisikiliza ila ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri ya kukopesha vikundi, 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, kikundi chetu tulipata. Tulinunua vyerehani na mashine ya overlock, tukapata tenda ya sare za shule, tukarejesha yote. Sasa tumejipanga raundi ya pili tuongeze, Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo nchi nzima sababu kuna vikundi hewa vimekula hela. Vikundi hewa vile vilipitishwa na watu wa ofisini wanaojulikana, ila tuliosimamishwa ni sote. Ikaja kurudi 2024, na wakati huo wenzetu wawili walishaolewa mikoani na tenda kachukua mtu mwingine.

Nachotaka kusema ile ilitufikia sababu ilikuwa sheria, tulikuwa tunaenda pale na kifungu tunamwonesha afisa. Ya milioni 50 ungemwonesha nini, kofia?

Kaka Mkubwa

Kofia na khanga 😂😂

Mchuuzi wa Alizeti

Dada wa cherehani umeongea kitu. Na mwalimu hiyo ya kusoma kilichorukwa nitaifanyia kazi. Karani wa Nyeri karibu sana, leso ile usiitupe.

Kuna jamaa kaniuliza pm kama hilo swali la fungu nimewahi kumuuliza mgombea uso kwa uso. Mimi hapana, ila kuna mama mmoja pale kwetu, mkunga mstaafu, alinyoosha mkono kwenye mkutano wa mgombea ubunge aliyekuwa anaahidi zahanati. Akapewa maiki. Akauliza taratibu tu, mheshimiwa hiyo zahanati iko kwenye bajeti ya mwaka upi wa fedha, na mganga mnamtoa wapi maana ya kijiji cha jirani jengo limekamilika limejaa popo. Mgombea akacheka akasema swali zuri sana mama yangu. Kabla hajamaliza kulisifia, mshereheshaji akamfanyia ishara yule kijana wa spika, ngoma ikaachiwa, watu wakaanza kucheza. Maiki ilichukuliwa mkononi kwa yule mama kwa heshima zote.